Ugumu uko na nafasi yake: fikira juu ya muguu wa mushale

Katika mikutano ya familia, katika vilio na katika mipango ya ndoa, neno moja linarudia mara nyingi: «Mutu anapaswa kuwa mugumu.» Wazazi wanawaambia watoto, wakubwa wanawaambia vijana, na chefu anawaambia watu wake. Wengine wanajibu kwamba ugumu umepitwa na wakati, na kwamba desturi yenye kukazwa sana inavunjika mikononi mwa wale wenye kuikaza. Swali lenye tunataka kuchunguza katika kurasa hizi liko katikati ya hawa wawili. Je, ugumu ni jambo zuri ao ni jambo baya? Na kama ni zuri, uwekwe wapi, na kwa kipimo gani?

Hatutajibu kwa maneno matupu. Tutachukua kitu kimoja chenye kutengenezwa kwa mikono, na tutakiangalia karibu: mushale wa muti, na zaidi sana kile kipande cha muti mugumu chenye wafundi wengine wanaunganisha mbele yake.

Musomaji asishangae kwamba tunaanzia hapo. Kwa Waluba, upinde haukuwa tu chombo cha kutafutia nyama. Mapokeo ya ufalme yanamutaja Mbidi Kiluwe, muwindaji mwenye kutoka mashariki, baba ya Kalala Ilunga mwenye alimushinda Nkongolo. Kwa Wachokwe pia, jina kubwa ni la muwindaji, Chibinda Ilunga. Na wafalme wa Kiluba walikuwa na ile miti ya kuchongwa yenye matawi, ya kutegemezea pinde na mishale. Haikuonyeshwa ovyo mbele ya watu. Ilitunzwa ndani ya nyumba ya pekee, na mwanamuke njo alikuwa muchungaji wake. Kwa hiyo, kufikiri juu ya mamlaka na tabia kwa kupitia upinde na mushale ni jambo la kwetu tangu zamani.

Ufundi wenyewe wa kuunganisha vipande viwili uko mahali pengi. Katika kaburi la Tutankhamun, lenye kufunguliwa Misri mwaka 1922, kulikuwa mishale ya tete yenye kipande cha muti mugumu mbele. Wasan wa jangwa la Kalahari walikuwa wanaweka kipande cha mufupa mbele ya tete. Lakini Waingereza wameandika juu ya ufundi huu tangu karne ya 16, na kwao kuna wafundi wenye kuufanya mupaka leo. Tutaanzia kwao, kisha tutarudia nyumbani.

1. Kazi ya muguu

Mushale wa kawaida uko na uti wa muti mwepesi, wenye nyuzi zenye kunyooka: msonobari, ao muti mwingine wa jamaa hiyo. Wepesi unausaidia kwenda mbali, na unyumbufu unausaidia kuvumilia nguvu ya upinde. Maana wakati uzi wa upinde unausukuma, uti unajipinda kidogo, unauzunguka upinde, kisha unajinyoosha njiani. Uti wenye hauwezi kujipinda kadiri ya upinde wake unaenda kando.

Lakini muti mwepesi uko na uzaifu wake. Ukipiga jiwe, muzizi ao mufupa, unavunjika karibu kila mara mahali pamoja: nyuma kidogo ya chuma. Pale njo pigo lote linafikia. Basi mufundi anakata sehemu ile ya mbele na kuunganisha kipande cha muti mugumu, cha urefu wa karibu santimetre 20. Waingereza wanasema wanaupa mushale «muguu», ijapokuwa uko upande wa mbele. Na sisi tutatumia neno hilo.

Namna ya kuunganisha inastahili kuelezwa. Kipande cha muti mugumu kinapasuliwa kwa musumeno kuanzia upande mumoja, karibu santimetre 14, bila kufika mwisho. Uti mwepesi unachongwa pande mbili mupaka uwe kama kabari ya urefu uleule. Kabari inaingia ndani ya mupasuko, gundi inapakwa, vyote vinafungwa kwa kamba mupaka kukauka. Kisha vinarandwa pamoja mupaka viwe mviringo mumoja. Mwishoni, ukipitisha kidole, hausikii mahali muti mumoja unaishia na mwingine unaanzia. Jicho tu njo linaona ndimi mbili za rangi nyeusi ao nyekundu zenye kuingia ndani ya muti mweupe.

Kwa nini muungano mrefu namna hii? Kwa sababu gundi haishiki vizuri pale muti umekatwa kwa upana, kichwa kwa kichwa. Inashika pale nyuzi zinalala kando ya nyuzi. Mwenye kuunganisha haraka, kichwa kwa kichwa, hata akiwa na muti wa bei kali, mushale wake utaachana siku ya kwanza.

Muguu unafanya kazi mbili. Unakinga pale pigo linafikia. Tena unaleta uzito mbele, na mushale wenye uzito mbele unaenda sawa, kwa sababu manyoya ya nyuma yanaweza kuuongoza. Geuza mambo, weka muti muzito nyuma karibu na manyoya: mushale utayumba, utataka kugeuka njiani. Muti ni uleule, uzito ni uleule, lakini nafasi imekosewa. Tuweke jambo hili akilini, maana tutalirudilia.

2. Kuchagua muti

Mutu anaweza kuwaza kwamba kuchagua ni rahisi: utwae muti mugumu kupita yote. Wafundi hawafanye hivyo. Wanauliza maswali manne.

La kwanza ni nyuzi. Je, zinanyooka toka mwanzo mupaka mwisho? Muti mugumu wenye nyuzi za kupinda utapasuka kwa kufuata kule nyuzi zinaelekea.

La pili ni uvumilivu wa pigo, na huu ni tofauti na ugumu. Mupingo na miti myeusi ya jamaa ya ebeni ni migumu na mizito sana, lakini inaweza kukatika gafula ikipigwa, sawa vile sahani. Kuna miti mingine yenye si migumu hivyo, lakini inameza pigo bila kuvunjika. Kila mulimaji wa kwetu anajua hilo: kwa mupini wa jembe, haendi kutafuta muti mugumu kuliko yote wa pori, anatafuta wenye kuvumilia.

La tatu ni uzito. Metre moja ya kibe ya wenge iko na uzito wa karibu kilo 870, wakati mierezi yenye wafundi wa Amerika wanatumia kwa uti haifiki kilo 500. Tofauti hiyo inasaidia, lakini ikizidi, mushale unaanguka mbele mapema. Na mishale 12 ya mutu mumoja inapaswa kulingana. Basi miguu yote ikatwe katika ubao mumoja, isitoke huku na huku.

La ine ni gundi. Miti mingi migumu ya inchi za joto iko na mafuta ndani, na gundi inaiteleza. Mufundi anairanda saa ileile ya kuunganisha, ao anaipangusa kwanza na alkoli. Muti wenye haukubali kuunganishwa na mwingine, hata uwe mugumu namna gani, haufae kuwa muguu.

Munaona basi: kati ya maswali manne, hakuna hata moja lenye kuuliza «muti gani ni mugumu kupita yote?» Yote yanauliza kama ugumu huo unanyooka, unavumilia, unapimika na unakubali mwenzake.

3. Mwalimu mumoja wa zamani na njia ya katikati

Mwaka 1545, Mwingereza Roger Ascham, mwenye kisha akakuwa mwalimu wa Elizabeth mbele hajakuwa malkia, alitoa kitabu juu ya upinde chenye jina Toxophilus. Alihesabu aina 15 za miti ya kutengeneza mishale. Ile mizito sana aliisema kuwa inafanya mishale ya kulala, yenye haitembei. Ile myepesi sana, mishale yake inarukaruka bila kutulia. Alisifu ile ya katikati, yenye nguvu ya kutosha kuvumilia upinde na wepesi wa kutosha kufika mbali. Na juu ya miti mizito kutoka inchi za mbali, kama ule mwekundu wenye kuitwa brazil, hakuikataa. Alisema iunganishwe mbele ya mushale, ili uzito ulingane na manyoya na mushale utulie.

Hii ni fikira ya pekee. Kitu chenye hakifae kuwa mushale muzima kinafaa sana kuwa sehemu yake ndogo. Ascham hakusema muti muzito ni mubaya. Alisema nafasi yake si mwili wote.

Lakini mutu atauliza: je, mushale bila muguu ni mubaya? Hapana. Waefe wa Ituri, wenye kusifiwa kwa kutumia upinde ndani ya pori kubwa, wanapiga nyani kwa mishale miepesi ya muti mutupu, yenye kuchongwa kali na kupakwa sumu, na mahali pa manyoya wanatia jani. Ndani ya pori lile mwendo ni mufupi, na sumu njo inafanya kazi. Ugumu ungekuwa muzigo bure. Kwa hiyo hata muguu si sheria ya kila mahali. Wa kwanza kuulizwa ni pigo: litatoka wapi, litafikia wapi?

4. Ugumu ndani ya desturi

Sasa turudie kwa swali letu. Tukisema «mutu awe mugumu», ao «desturi ikazwe», tunazungumuza kama mufundi mwenye kutaka mushale wote uwe wa ebeni. Tukisema «ugumu umepita», tunazungumuza kama mufundi mwenye kutupa mushale wa muti mwepesi penye mawe, kisha anashangaa kwa nini umevunjika. Wote wawili wanasahau kuuliza nafasi.

Tutwae mufano wenye kila mutu anaujua. Katika familia nyingi za leo, liste ya mahari inakazwa sana: mbuzi ngapi, koti la baba, vitambaa vya mama, masanduku ya kinywaji, sufuria. Ikipunguka kitu kimoja, mukutano unavunjika, vijana wanarudishwa nyuma, na watu wazima wanasema: «Desturi ni desturi.» Hapo tuko wagumu. Kisha bwana anakufa. Ndugu zake wanafika ku nyumba, wanatwaa televizyo, kitanda, karatasi za parsele, na wanamuambia mujane arudie kwao na watoto wake. Mara nyingi wazee walewale wenye kukaza liste wanakaa kimya. Wanasema: «Ni mambo ya familia.» Hapo tuko laini.

Tunaona kwamba hapo mushale umegeuzwa. Muti muzito umewekwa nyuma, karibu na manyoya, pale pa kupendeza macho. Na mbele, pale pigo linafikia, tumeacha muti mwepesi. Tusishangae kama desturi inayumba na vijana wanaikimbia. Hawakimbie ugumu; wanakimbia ugumu wenye kukosea nafasi.

Mutu anaweza kupinga: «Mahari ni heshima ya binti na ya wazazi wake. Mukilegeza, mutamufanya binti kuwa kitu cha bure.» Ni kweli kwamba mahari ni heshima, na hatusemi iondolewe. Mahari ni kama manyoya: bila manyoya mushale unapotea. Lakini manyoya yanafanya kazi yake kwa kuwa mepesi. Heshima yenye kuonekana katika alama inabakia heshima hata kama alama ni ndogo. Mujane mwenye kutupwa inje, kwake hakuna alama. Ni pigo lenyewe.

Mwingine atauliza: «Ni nani atachagua pale pa kuwa wagumu? Kila mutu ataweka ugumu pale anapenda.» Hili ni swali zito kuliko lile la kwanza. Tunajibu kwa kipimo cha mufundi: mushale unavunjika wapi? Ndani ya jamii, pigo linaangukia muzaifu: mutoto, mujane, mugonjwa, muzee mwenye hana tena nguvu, mugeni. Pale njo wakubwa wetu wa zamani walikuwa na makatazo makali, yenye hayakujadiliwa. Na pale njo sheria ya leo pia imejaribu kukaza: Kode ya familia ya mwaka 1987, yenye kurekebishwa mwaka 2016, inamupa bibi ao bwana mwenye kubakia haki ya kuendelea kutumia nyumba yao. Kama desturi na sheria zinakutana mahali pamoja, hiyo ni alama kwamba mahali pale panahitaji muti mugumu.

Lakini tukumbuke muungano. Sheria yenye kubandikwa juu ya watu kichwa kwa kichwa, kwa karatasi tu, inaachana. Inapaswa kuingia ndani ya maisha yao kwa urefu: kuelezwa katika luga yao, kuzungumuzwa katika mukutano wa familia mbele mutu hajakufa, kushikwa na wazee wenyewe. Vilevile baba mwenye haishi na watoto wake, mwenye kutokea tu siku ya kuazibu, ugumu wake haushike. Ni muguu wenye haukupata nafasi ya kushika uti.

5. Ugumu unatoka wapi

Kunabakia jambo moja, na tungekosea kama tungeliacha. Muti mugumu haupatikane bure. Miti mingi yenye kupendwa na wafundi wa inje inatoka kwetu. Wenge, yenye wengi kati yetu wanajua jina lake kupitia muziki wa Kinshasa kuliko kupitia pori, iko kati ya ile yenye wafundi wa Ulaya na Amerika wanatumia kwa miguu ya mishale. Na leo imewekwa katika hesabu ya miti yenye hatari ya kumalizika.

Kule Katanga, kila mutu anajua mukula. Ukiukata, utomvu wake unatoka mwekundu sawa vile damu. Kuanzia miaka ya 2010, watu waliingia mu pori kuukata kwa wingi, malori yakaubeba kupita Kasumbalesa kwenda Zambia na mbele zaidi, mupaka China, kwa kutengeneza vyombo vya nyumba. Mwaka 2019, mapatano ya inchi nyingi yenye kuitwa CITES yaliuweka mukula chini ya ulinzi, na mwaka 2022 yakaamua kuongeza miti yote ya jamaa yake ya Afrika. Biashara haikukatazwa kabisa, lakini inaomba ruhusa na kuhakikisha kwamba pori haliharibiwi. Karatasi hiyo ilifika nyuma ya malori.

Tupige hesabu ndogo. Ubao wa metre moja, wenye upana wa santimetre 10 na unene wa santimetre moja, unatosha kutoa miguu karibu 40. Mufundi wa mishale hahitaji kuangusha muti. Anapita ku kiwanda cha seremala, anaokota mabaki yenye yangetupwa ndani ya moto. Na mushale wenye kuvunjika nyuma ya chuma, hautupwe: unakatwa pale palivunjika, unapewa muguu, unaruka tena. Basi ufundi huu unatufundisha namna ya kutumia ugumu na pia namna ya kuuheshimu. Muti wa namna ile ulikomaa polepole, miaka mingi, mbele ya sisi kuzaliwa. Mwenye kuutwaa kidogo anaonyesha kwamba anajua bei yake.

Ni vilevile kwa ugumu wa watu. Neno kali la muzee lilikomaa miaka mingi. Akilitumia kila siku, juu ya kila jambo, juu ya nguo za vijana na muziki wao na namna wanasalimia, atalimaliza. Na siku mujane atasimama mulangoni na mizigo yake, muzee atatafuta neno kali na hatakuwa nalo tena.

Kumalizia

Tuliuliza kama ugumu ni muzuri ao mubaya. Mushale unajibu kwamba swali halijakamilika mupaka uongeze: wapi, kiasi gani, na umeungana na nini. Ugumu wa mwili wote ni uzito wa bure. Ugumu wenye kukosea upande unayumbisha. Ugumu mudogo, wenye kunyooka, wenye kuvumilia, wenye kuingia ndani ya mwenzake kwa urefu, na kuwekwa pale pigo linafikia, huo njo unalinda mushale wote.

Tunawaomba basi wazazi, wazee wa familia na wale wenye kuandika kanuni za vyama vyetu wafanye kazi moja mbele ya mukutano wenye kufuata. Waandike upande mumoja mambo yote yenye wanakaza, na upande wa pili watu wenye kuumia wakati mambo yanalegea. Kisha waangalie kama pande hizo mbili zinapatana. Pale hazipatani, wakate, warande, na waunganishe upya.